Mti wa Kumi

Voi, Jumatatu, 12 Septemba 1955

Daftari hili nimepewa na Loise jana nilipokuwa nikitoka Bura. Anasema ameishi na askari wa msitu miaka ishirini na mitatu na hajawahi kupata jioni moja ya kimya. Hadithi zangu za miti niziandike humu ziishe, ili nikirudi nyumbani nimsaidie kumwagilia kabeji. Nimeanza na kazi iliyo nyepesi.

Nikumbuke kuandika kazi yenyewe, maana siku moja nitasahau hata hiyo. Kampuni ya mkonge imepewa ekari mia tatu kati ya Mraru na Marungu. Kabla katapila haijaingia, mtu wa ofisi ya misitu lazima apite ekari kwa ekari, ahesabu miti iliyo kwenye orodha ya serikali, ile isiyokatwa bila kibali. Ekari yenye miti kumi ya orodha huachwa kama ilivyo, pamoja na yeyote aliyejenga ndani yake. Ikiwa tisa, kibali kinatolewa na kila kitu kinaondoka. Mtu wa kuhesabu ni mimi, Danson, mwenye miaka arobaini na minane, magoti ya mtu wa sabini, na kaptula ya serikali iliyoshonewa mtu mwingine, mwembamba.

Jumatano, 14 Septemba

Ekari kumi na moja. Miti ya orodha minne. Miiba niliyoing'oa kwenye soli ya kiatu, kumi na saba. Ningekuwa nahesabu miiba, ofisi ingenipandisha cheo.

Jumamosi, 17 Septemba

Joto. Sina la kuandika.

Alhamisi, 22 Septemba

Stephen amefika na katapila mbili zimeshushwa stesheni. Yeye ndiye nyapara wa kampuni. Tulisoma darasa moja kule Bura, yeye akikaa mbele kwa sababu alikuwa na akili, nami nikikaa mbele kwa sababu mwalimu alitaka kuniona. Anasema hesabu yangu inatambaa kama kinyonga. Anataka ekari zote za mashariki ziwe tayari kabla ya mvua, maana udongo ukilowa katapila itazama. Nikamwambia nyika hii haijaona tone tangu Mei, asiwe na wasiwasi wa kuzama. Alicheka, kisha akauliza tena ni lini nitamaliza.

Jumanne, 27 Septemba

Ekari tisa. Miti mingi haina jani. Ukiwa umezoea miti ya milimani, ambayo mwaka mzima imevaa, kuja huku chini mwezi huu ni kama kuingia kanisani ukakuta waumini wote wamenyolewa. Unawajua, lakini unasita kuwataja majina.

Jumatatu, 3 Oktoba

Leo nimefika ekari ya mia moja na kumi na sita, nikakuta ina wenyewe. Nyumba mbili za udongo, zizi la mbuzi lililozungushiwa miiba, na chini kwenye mto wa mchanga kisima cha kuchimba kwa mikono ambacho bado kinatoa maji. Katika nyika yote niliyotembea, sijaona kingine.

Mwenye boma ni Nthambi, mjane wa Kikamba aliyenizidi miaka kama kumi na mitano. Mume wake, marehemu Wambua, alishuka huku na mizinga yake ya nyuki wakati wa njaa, zamani, akachimba hicho kisima, akafa, akazikwa hapohapo chini ya rundo la mawe. Mwana wao Mulei yuko Mombasa bandarini. Nthambi anakaa na mkaza mwanawe, Mumbe, na mtoto wa Mumbe, Mutindi, ambaye hajatimiza miaka miwili. Mutindi aliiona kofia yangu ya serikali akalia. Nikaivua. Akauona upara, akalia zaidi.

Niliwaeleza sheria ya miti kumi. Karatasi ya ardhi hawana. Wamekaa tu miaka hiyo yote na hakuna aliyewauliza. Nthambi alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliingia ndani akaniletea uji, akasimama mpaka nikaumaliza.

"Basi hesabu polepole, mwanangu," akaniambia.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimehesabu polepole. Siku mbili kwa ekari moja, kazi ambayo kwa kawaida ni ya nusu saa. Mipingo mitano, mikau mitatu pale ukingoni mwa mto, mkwaju mmoja. Tisa.

Nthambi alikuwa ananifuata hatua kumi nyuma na mikono mgongoni kama mwalimu wa zamu. Nilipofunga kitabu akanishika mkono wa shati, akanivuta hadi zizini. Katikati ya zizi, kwenye mawe, kuna mti mnene wa maganda ya kijivu ambao nilikuwa nimeupita mara nne. Hauna jani hata moja. Hauna hata matawi ya maana, ni vigutu tu, na kila kigutu kina udongo mwishoni. Niliona mara moja kwamba mchwa wamepanda hadi juu.

"Huu ni mukau," akasema.

Sasa, mukau naujua. Sisi Wadawida tunauita kirumbutu. Ni mti wa orodha, na una tabia moja isiyosahaulika: unatoa majani yake kiangazi kikiwa kikali, kabla ya mvua, wakati wenzake wote wako uchi. Ile mitatu ya mtoni imeshavaa, kijani kabisa. Nikamwonyesha. Nikamwambia mukau hauwi mtupu mwezi wa kumi.

Akasema ni mukau. Akasema mzinga wa kwanza wa Wambua ulichongwa kutoka tawi la mti huu. Akainama, akachota kwenye samadi kiganja kizima cha kokwa, zile ngumu kama mawe ambazo mbuzi huzicheua wakishakula tunda. Nikamwambia mbuzi wake wanakula mtoni halafu wanalala hapa, kokwa zimekuja ndani ya matumbo. Hapo nilijiona mjanja sana.

"Mama," nikamwambia, "nikikuachia wewe, kesho hata jiwe la jiko lako litakuwa mukau."

Mumbe alicheka kidogo, kwa adabu. Nthambi hakucheka. Alifungua kinywa kama mtu mwenye neno, akaitazama ile alama ya serikali kwenye kofia yangu, akakifunga.

Nilikata ganda kwa panga nikalitazama. Rangi ya kahawia, kavu, kama ganda la mti wowote uliokaa miezi mitano bila maji. Halikuniambia kitu. Kitabuni kuna safu ya tatu, nayo imeandikwa juu yake "Haujulikani." Mti ukiandikwa humo, ekari yake inangoja mvua, majani yatoke, askari arudi atazame. Josephat, karani wetu, anasema safu hiyo ni ya askari wanaoanza kazi. Kwa miaka ishirini yangu haina hata wino.

Niliandika: si wa orodha. Jumla, tisa.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimempa Josephat kisa cha jiwe la jiko. Amecheka hadi miwani ikamdondoka. Stephen naye amekipata, na jioni wafyekaji wake walikuwa wanaulizana kila kitu kama ni mukau: kijiko, kiatu, mchuzi. Lazima nikiri nilijisikia mtu maarufu.

Jumamosi, 8 Oktoba. Bura

Nimemwagilia kabeji. Nikamhadithia Loise kisa hicho huku tukimwaga maji sote wawili, na nikakipamba vizuri. Hakucheka. Aliuliza, "Na ulipomaliza kuchekesha watu, uliutazama tena?"

Nikamwambia anamwaga maji nje ya mstari.

Jumatano, 12 Oktoba

Kibali cha ekari ya 116 kimetoka. Josephat alikiweka juu ya meza yangu bila mzaha, akaenda kutafuta chai.

Jumatatu, 24 Oktoba

Leo wameondolewa.

Sikuwa na kazi pale. Kazi yangu ilikuwa ekari ya 150, na kutoka 150 hadi 116 hakuna njia ya kupotea kwa bahati mbaya. Nilikwenda. Wamepewa mahali ng'ambo ya Marungu, ambako mtu wa wilaya ameonyesha kwa fimbo tu, kuanzia hapa hadi pale. Kisima hakuna. Kuna dimbwi, wanakunywa pamoja na tembo, nalo liko mbali.

Nthambi alifungasha vitu vyake kabla jua halijachomoza na alipofika Stephen alimkuta ameketi juu ya mzigo. Ombi lake lilikuwa moja, katapila ipite kando ya mawe ya Wambua. Stephen si mtu mbaya. Alimwambia dereva azunguke. Dereva alizunguka mara ya kwanza. Mara ya pili hapakuwa na nafasi ya kugeuzia.

Mutindi alikuwa mgongoni kwa mama yake. Safari hii hakuilia kofia yangu. Alikuwa amejaza kokwa kwenye kikopo cha bati na anakitikisa, na kila ngurumo ya mashine ilipokatika ndicho kilichosikika.

Ule mti wa zizini umekatwa kwa shoka, kwa sababu uko kwenye mawe na katapila haifiki. Kisiki kimeachwa, watakichimba mvua ikilegeza ardhi. Ulichukua muda mrefu kuanguka. Mti ulioliwa na mchwa hauchukui muda mrefu. Na mbao zake ndani zilikuwa nyekundu, kama za mukau. Mfyekaji mmoja alilisugua gogo kwa kiganja na kusema hii ingefaa kitanda. Nilijiambia miti mingi ina mbao nyekundu, na hiyo ni kweli.

Lakini niliona. Naandika hapa kwamba niliona.

Jumatano, 2 Novemba

Ekari nane. Hakuna mvua.

Jumatatu, 7 Novemba

Mawingu tangu asubuhi. Saa kumi yakaondoka.

Jumatano, 9 Novemba

Nimemkuta Mumbe kwenye barabara ya Mraru, debe mgongoni, kamba ya debe kwenye paji la uso, na mtoto mbele kifuani. Alikuwa ametoka kuomba maji kwa watu wa reli na anarudi. Nikashuka kwenye baisikeli. Mbuzi walikuwa thelathini na wawili. Wamebaki kumi na mmoja. Niliuliza habari za Nthambi akasema yupo, hasemi sana.

Nilimpa chupa yangu ya maji. Alimpa mtoto yote. Mutindi hakulia aliponiona, na nilitamani alie. Niliinamisha upara nikaupiga kofi kama ngoma. Alitazama tu.

Mumbe aliniaga vizuri, baba kwaheri, kama hakuna lililotokea kati yetu. Nimekaa kando ya barabara kwa muda nikijifanya natengeneza mnyororo.

Jumatatu, 14 Novemba

Stephen amenikuta dukani, akaniuliza kwa sauti mbele ya watu kama sukari hii ni mukau. Wote wakacheka. Kisa ni changu, sina wa kumlalamikia.

Jumamosi, 19 Novemba

Josephat ameniambia asubuhi, akiwa amesimama mlangoni. Mtoto wa Mumbe amefariki Alhamisi. Tumbo. Ni maji ya lile dimbwi.

Jumapili, 20 Novemba

Sikwenda Bura.

Alhamisi, 24 Novemba

Mvua. Ilianza saa nane mchana na haijakata. Watu wa sokoni walisimama nje wakalowa makusudi. Stephen anatukana, katapila moja imezama hadi kwenye mnyororo. Zamani ningekuwa na utani wa kumpelekea.

Jumapili, 27 Novemba. Bura

Nimemwambia Loise habari za mtoto. Aliacha kuchambua maharagwe. Hakunikumbusha alichoniuliza Oktoba, na ningeshukuru kama angenikumbusha, nikapata mtu wa kubishana naye.

Jumatatu, 12 Desemba

Nimemaliza hesabu ya ekari zote mia tatu. Bado kuandika ripoti tu. Kabla ya kuiandika nimekwenda ekari ya 116.

Sikupatambua. Hakuna nyumba, hakuna miiba, mtaro wa mkonge umeshapimwa kwa kamba. Nilitafuta yale mawe ya zizini. Kisiki kipo katikati yake, hawajakichimba bado. Kimetoa machipukizi pande zote, marefu kama mkono wangu, yenye majani mabichi ya kijani hafifu, yaliyochanwachanwa. Jani hilo nimelifundisha kwa askari vijana sita. Nimelichora ubaoni.

Nilisimama hapo na kitabu kwapani. Kisha nikapiga magoti, kazi ambayo siipendi, nikakichunguza kisiki. Hakuna tundu hata moja la mchwa. Nikapekua vipande vilivyobaki vya matawi ya juu hadi nikapata kimoja chenye kigutu. Ule udongo bado ulikuwa umekishika. Niliubandua kwa kucha. Chini yake palikuwa na alama ya panga, safi, ya mwaka huuhuu. Na haukuwa udongo wa mchwa. Ulichanganywa na samadi ya mbuzi, ukapakwa kwa mkono. Alama za vidole zipo.

Jumanne, 13 Desemba

Nimepiga mstari juu ya tisa, nikaandika kumi, nikaandika sababu na jina langu. Josephat alisoma akichungulia juu ya bega langu. Alinikumbusha kwa upole kwamba bado miaka saba nipate kustaafu, na kwamba kisiki si mti, na kwamba hakuna aliyeniuliza.

"Kaka, unamwandikia nani?" akaniuliza.

Nilikipeleka kitabu kwa Bwana Mkubwa wa ofisi nikasimama wima mbele ya meza, nimejiandaa kwa lolote: kufukuzwa, kutukanwa, kushtakiwa. Hata maneno ya kujibu nilikuwa nayo. Alisoma. Akachovya kalamu, akaandika pembeni neno moja: Imeonekana. Kisha akaniambia kuna ekari nyingine mia mbili upande wa Mraru, nianze Januari.

Jumapili, 18 Desemba

Badala ya kanisa nimekwenda ng'ambo ya Marungu. Nilikata tawi moja la machipukizi pale kisikini, nikalifunga kwenye gunia lililoloweshwa maji, nikalifunga nyuma ya baisikeli. Sikujua nalipelekea nini. Labda nilidhani mtu akikubali kosa lake lazima ashike kitu mkononi.

Wamejenga kibanda kimoja. Kando yake kuna kilima kidogo cha mawe, kidogo sana, na juu yake kikopo cha bati. Mumbe hakuwepo, amemfuata Mulei Mombasa, na sijui kama atarudi. Nthambi alikuwa ameketi mlangoni. Mbuzi amebaki mmoja, jike, amefungwa kwenye kigingi.

Nilivua kofia. Nikatoa pole za mtoto, akazipokea. Nikalifungua gunia nikamwekea tawi mapajani. Nikamwambia kisiki kimechipua, ni mukau, nilikosea, na kitabu sasa kinasema kumi.

Aliligeuza tawi upande huu na ule.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia, mama. Lakini hukuniambia ulikata matawi. Nimeona alama za panga. Ndiyo maana haukuwa na majani."

Akanieleza taratibu, kama anamweleza mtu mwingine aliyeketi nyuma yangu. Mwezi wa tisa mbuzi walikuwa wanakufa. Maziwa ya Mumbe yalikauka, na mtoto alikuwa anakunywa ya mbuzi. Mti wa zizini ulipotoa majani aliyakata, tawi kwa tawi, akawapa. Yalipochipua tena akayakata tena. Aliposikia askari wa miti anakuja alipanda mwenyewe, na umri huo, akapaka kila kigutu, kwa kuwa anajua kukata mti wa serikali ni kufungwa, na yeye akifungwa boma linabaki na nani.

"Siku ile ungeniambia tu," nikasema. "Nisingekufunga. Naapa. Ningecheka tu."

"Ulicheka," akasema.

Nikaanza kulikunja lile gunia. Mimi, ambaye Loise amenitafutia daftari zima nipunguze maneno.

Mbuzi alikuwa ameshanusa. Alivuta kamba hadi kigingi kikainama. Nthambi alilitazama tawi mara moja tena, akanyoosha mkono nalo, na mbuzi akaanza kula kutoka kwenye ncha, jani kwa jani, bila haraka, hadi ikabaki fimbo. Nthambi alinirudishia ile fimbo.

Mimi nikaichukua.